Daftari la Miguu

Kabla hajaitikia salamu yako, Dresa alikuwa ameshaiangalia miguu yako. Ulimwamkia shikamoo, akasema marahaba huku macho yake yakiwa chini kwenye viatu, na kama ulikuwa umevaa soksi alikuuliza umezivaa tangu lini. Wapo waliosema hana adabu. Mimi nimeishi na watu wengi wenye adabu wanaomtazama mtu machoni na kumdanganya, kwa hiyo sitamwombea Dresa radhi kwa lolote. Mwenyewe hakuwa mtu wa kuomba radhi. Aliomba mara moja tu, kwa barua, na barua hiyo ndiyo imenikalisha chini niandike haya.

Kilosa nzima tulimwita Dresa, kwa kazi yake ya zahanati: kuosha vidonda, kufunga bendeji, kugawa kwinini na kuwafukuza waliokuja kutafuta cheti cha kuumwa ili wasiende kazini. Alianzia kwenye kambi za mkonge, na kabla ya hapo alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, akapelekwa Burma. Vita yenyewe hakuisimulia. Ukimuuliza habari za bunduki alikujibu habari za soksi: jinsi zilivyokuwa hazikauki, jinsi ngozi ilivyotoka nazo, jinsi mwanamume mzima alivyoweza kukaa chini njiani na kulia kwa sababu ya mkunjo mdogo chini ya wayo. Tulidhani anatania. Hakuwa anatania.

Miaka ile tulikimbia sana. Nchi ilikuwa changa, na haikupita sherehe bila mbio. Walimu walitupigia filimbi, wazazi walitupigia makofi, lakini aliyekuwa akitaka kukimbia kweli alipitia kwanza zahanati jioni, baada ya wagonjwa kuisha. Dresa hakuwa kocha. Hakujua lolote kuhusu kupumua wala kupiga hatua, na alisema wazi kwamba hajawahi kuona kinachokimbiliwa. Siku ya mashindano alisimama mwisho wa njia na kutazama viatu tu. Usingemuuliza nani kashinda, maana hakujua. Lakini angekwambia nani ana kidonda kinachokuja kesho.

Mara ya kwanza nilipokwenda kwake nilikuwa nimechubuka kisigino, nimevaa soksi za kaka yangu ambazo tundu lake nilikuwa nimelishona kwa uzi wa gunia. Hakuanza na kidonda. Alichukua soksi, akatia mkono ndani mpaka vidole vikafika mwisho, akafumba macho, akawa anapapasa taratibu, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Akalikuta fundo la uzi. Ndipo aliponitazama usoni, kwa mara ya kwanza. Akaniambia nimekimbia na jiwe ndani ya kiatu, na jiwe hilo nimelishona mwenyewe.

Kisha akaniambia nikunje ngumi. Akachukua soksi nyingine, ya kijivu, akaizungushia kwenye ngumi yangu sehemu ile ya wayo. Kisigino cha soksi na ncha ya vidole vikikutana, alisema, hiyo ni yako. Visipofikiana itakubana, vikipitana itajikunja, na mkunjo ndio unaozaa malengelenge. Vilikutana. Akaigeuza nje ndani ili mshono wa vidoleni ukae upande wa kiatu, akanipa nivae hivyohivyo. Nilimwambia watu watanicheka.

"Watakaocheka watakuwa nyuma yako," akasema.

Mwisho alitoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akaliweka sakafuni, akaniambia nikanyage ukurasa mtupu. Akapiga magoti, akazungusha penseli kuufuata mguu wangu, akinikaripia kila nilipocheka kwa mtekenyo. Pembeni ya mchoro akaandika kwa herufi zake ndogo za kulala: wayo mpana, kisigino chembamba, kidole cha pili kirefu. Kila mkimbiaji wa Kilosa alikuwa na ukurasa wake mle. Jina langu aliliandika juu, na chini yake aina ya soksi aliyonipa, na tangu siku hiyo nilijiona nimeandikishwa mahali fulani pa maana.

Soksi alizipata kwa kuomba, na hakuona haya. Stesheni masta akihamishwa, meneja wa shamba la mkonge akirudi kwao, mtawa wa misheni akibadilisha nguo, Dresa alikwenda kubisha hodi na kuuliza kama kuna soksi za kuacha. Alizichemsha kwenye sufuria ileile ya bendeji, akazianika kwenye uzio wa zahanati, na mabwana wakubwa waliopita kukagua waliuliza kama pale ni hospitali au kwa dobi. Sufi ndiyo bora kuliko zote, alisema, lakini sufi hatuna. Basi pamba, iwe nene, iwe kuukuu, iwe imefuliwa mara tatu au zaidi. Soksi ambayo haijafuliwa mara tatu aliiita mgeni, na mgeni hapewi kazi siku anayofika.

Siku moja alikwenda Dumila, kule njia panda, kwa sababu alisikia kuna mchuuzi ameleta soksi. Alitia mkono kwenye moja, akaiweka. Akatia kwenye nyingine, akaiweka. Alizimaliza zote, watu wamemzunguka, mchuuzi amevimba, kisha akasema asante na kurudi zake Kilosa mikono mitupu. Yule mchuuzi alimfuata mpaka kwenye basi akimtukana. Dresa alipoketi alimwinamia dirishani na kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba kiatu chake cha kulia kinamla kidole gumba.

Na yeye mwenyewe hakuvaa soksi. Alivaa makatambuga ya matairi, mvua na jua, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Mtu aliyewafanya wenzake wote waishi kwa hofu ya mshono mbaya alitembea peku ndani ya mpira wa gari. Niliwahi kumuuliza sababu. Alisema soksi ni za mtu mwenye mguu wa kulinda. Alikuwa bahili pia, bahili wa kuudhi: alitia dawa ya kidonda kwa matone utadhani ni marashi, na ukimwaga maji ya moto alikununia wiki nzima. Watoto wadogo walimwogopa. Mkewe, ambaye alikuwa mcheshi, alisema ameolewa na mtu anayejua nyayo za mji mzima ila hajui nguo yake mpya ni ipi.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Nilimaliza shule ya msingi, nikafaulu, nikakosa nafasi. Sekondari zilikuwa chache na waliofaulu walikuwa wengi, basi. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, hakuwa na mtu wa kumwendea. Nilirudi shambani na mama, na jembe lilinikaa mkononi vizuri, jambo lililonitia hofu zaidi. Mbio ndizo zilizokuwa zimebaki. Kwa hiyo mwaka uliofuata Azimio, tulipotangaziwa kwamba mgeni mkubwa atapokewa Mikumi na vijana wa Kilosa watampelekea risala kwa mbio, nilijua huo ndio mlango wangu. Tungepokezana njia nzima kutoka Kilosa hadi Mikumi, kila mmoja na kipande chake, risala ikiwa ndani ya bomba la bati. Landrova ingetufuata na saa. Wasichana wawili watakaokimbia vizuri kuliko wenzao wangechukuliwa timu ya mkoa, Morogoro, na huko wangetafutiwa masomo. Wawili tu.

Kamati ya mapokezi ilikuwa na katibu wake, kijana msemaji, aliyevaa suti ya Chou en Lai, ile ya mtindo wa Kichina, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alitutafutia sare kwa jasho lake: fulana, kaptura, na soksi za nailoni, nyeupe pee, zenye mstari wa kijani juu, kila jozi ndani ya karatasi yake inayolialia ukiishika. Wengi wetu hatukuwahi kumiliki kitu cheupe kiasi kile. Akatuagiza tusizifungue mpaka siku yenyewe, ili mgeni atukute tunang'aa.

Hakuhitaji kutuagiza. Sisi ni watu wa kuweka nguo mpya kwa ajili ya sikukuu yake. Nani amewahi kuvaa kanzu ya Idi wiki mbili kabla ya Idi? Soksi zile ziliingia masandukuni Kilosa nzima. Mama yangu aliziweka katikati ya khanga zake za harusi, akazifukiza udi. Mama wa mkimbiaji mwingine alizipiga pasi ya mkaa na moja ikabaki kwenye pasi, akalia kama amefiwa. Kila mtu alifanya kwa mapenzi, na hapo ndipo tulipokosea wote.

Dresa alipopata habari alikuja kwenye mkutano wa wakimbiaji, akasimama nyuma, akangoja apewe ruhusa. Alisema soksi mpya haianzi kazi siku ya mbio. Aliomba tuzifungue leo, tuzifue mara tatu, tukimbie nazo siku zilizobaki, ndipo tuamue. Katibu akasema zitachakaa. Dresa akasema nailoni hainywi jasho, itateleza, itawaka, na njia ya Mikumi ni ya kokoto na jua. Kama lazima ziwe nyeupe, tuvae tukifika. Watu walianza kutazamana, na katibu akaona mkutano unamponyoka.

"Mzee, hizo soksi zako za kijivu ni kasumba ya mkoloni," akasema. "Hizi ndizo za taifa."

Dresa akamtazama miguu, kisha uso.

"Pamba inalimwa hapahapa Kilosa, Ndugu Katibu," akasema. "Nailoni inalimwa wapi?"

Watu walicheka, na wakacheka kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Hata mimi nilicheka. Katibu alitabasamu pia, lakini aliandika kitu kwenye karatasi yake na amri ikabaki palepale: asiyevaa sare hahesabiwi.

Alasiri ya kuamkia safari nilikwenda zahanati. Dresa alinipa jozi ya kijivu, zile zilizokuwa za stesheni masta, ameshazigeuza. Nilimuuliza nivae zipi. Nilitaka aniamuru. Nilitaka sana, kwa sababu ningekuwa na mtu wa kumtaja. Aliendelea kukunja bendeji.

"Mimi napima mguu," akasema. "Kuchagua si kazi yangu."

Nilitoka nimekasirika. Nilimwona mwoga: kelele zote zile mkutanoni, halafu mtoto wa watu anakuja kuuliza neno moja, anamnyima. Nyumbani mama alikuwa ameliacha sanduku wazi, soksi nyeupe ziko juu, chumba chote kinanukia udi. Nikazichukua zile nyeupe. Za kijivu nilizichomeka kiunoni chini ya fulana, nikijiambia ni za akiba tu.

Kipande changu kilikuwa cha mwisho, kutoka njia ya kuingilia Kisanga hadi Mikumi. Nilishushwa pale na Landrova, nikangoja juani, raba zimefungwa, soksi zinang'aa. Aliyekuwa anipokeze alikuwa rafiki yangu, binti wa kambi ya mkonge, mwepesi kuliko mimi siku zote. Nilimwona kwa mbali na sikumtambua. Alikuwa akikimbia kwa kukanyaga pembe za miguu, mabega yameinama upande mmoja. Soksi zilikuwa zimeteremka ndani ya raba na pale zilipoonekana hazikuwa nyeupe tena. Alinipa bomba, akakaa chini barabarani, akasema neno moja kwa Kikaguru ambalo mama yake angemchapa.

Nikakaa chini karibu naye. Katibu alikuwa ameshuka kwenye gari, saa mkononi, ananipigia kelele niondoke. Nikafungua raba. Nikavua zile nyeupe, nikazilaza kwenye nyasi vizuri, maana zilikuwa za mama. Nikachomoa za kijivu kiunoni, nikavaa, nikazivuta mpaka kisigino kikakaa kwenye kisigino, nikapapasa vidoleni kama nilivyofundishwa. Mikono yangu haikukosea.

"Huondoki hapa bila sare," katibu akasema.

"Basi nikimbize, Ndugu Katibu," nikasema, nikaondoka.

Sijui nilipata wapi neno lile. Mimi niliyelelewa kumpisha mkubwa njiani nilimjibu kiongozi mbele ya watu na sikugeuka nyuma. Nilikimbia huku nyani wamekaa ukingoni mwa barabara wakinitazama, vumbi la Landrova linanipata na kuniacha, na miguu yangu sikuisikia kabisa. Dresa aliwahi kusema soksi nzuri ni ile unayoisahau. Niliisahau. Nilifika Mikumi na risala, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikawa natafuta mtu mmoja tu kwenye umati.

Alikuwa kwenye hema la huduma ya kwanza. Wenzangu waliletwa mmoja mmoja na gari, na katibu aliagiza wapelekwe nyuma ya hema, mgeni asiwaone. Dresa alilichukua benchi lake, akalitoa nyuma, akaliweka mbele, kwenye njia ambayo mgeni angepita. Akawaketisha wote pale, raba zimevuliwa, akaweka beseni la maji, akaanza kuosha. Katibu alimnong'oneza, kisha akamvuta mkono. Dresa aliutoa mkono ule kama anavyotoa bendeji kuukuu, taratibu, akaendelea.

Mgeni alifika, akasimama. Akauliza hawa vijana wamepatwa na nini.

"Sikukuu, Ndugu Mgeni Rasmi," Dresa akasema bila kuinuka. "Walizitunza soksi kwa ajili yako."

Mgeni aliinama, akautazama wayo wa rafiki yangu kwa muda, akamwambia pole, akaenda kwenye hotuba yake. Hotuba ilikuwa nzuri. Sikumbuki hata sentensi moja.

Siku chache baadaye niliitwa ofisini pamoja na mama. Katibu alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya saa: kati ya wasichana wote mimi nilikuwa wa kwanza. Ya pili ilikuwa barua kwa mwandiko mdogo wa kulala niliokuwa nikiujua. Akaisoma kwa sauti. Mimi, Dresa wa zahanati, naomba radhi kwa kamati na kwa uongozi. Ni mimi niliyemlazimisha binti huyu kuvua sare na kuvaa soksi zangu. Mtoto alinitii kama mkubwa wake na hana kosa lolote.

"Ni kweli alikulazimisha?" katibu akaniuliza. "Kama ni kweli, utahesabiwa."

Nilimtazama mama. Hakuwa akinitazama, alikuwa ameshika ncha ya khanga yake na kuizungusha kidoleni. Nikaliona jembe. Nikaiona Morogoro.

"Ndiyo," nikasema.

Kwa neno hilo nilikwenda timu ya mkoa, nikasoma, nikawa mwalimu. Kwa neno hilohilo Dresa alihamishiwa Malolo kabla mwezi haujaisha. Kilosa walisema Dresa kapiga magoti. Walisema jeuri yote ile imeishia kwenye karatasi. Waliomwogopa walifurahi, na waliompenda walinyamaza, na mimi nilikuwa kati ya walionyamaza. Hata kumuaga sikwenda.

Nilimkasirikia miaka mingi, na nitaeleza kwa nini, hata kama sababu yenyewe hainipambi. Sikumkasirikia kwa kuomba radhi. Nilimkasirikia kwa kunichukulia kitu changu. Maishani mwangu nilikuwa nimefanya jambo moja la kishujaa, kukaa chini katikati ya barabara na kubadilisha soksi, na yeye kwa mistari mitatu alilifanya kuwa utii wa mtoto. Ndivyo nilivyojiambia. Ilikuwa rahisi kuliko kujiambia kwamba aliniachia mlango na mimi nikapita juu ya mgongo wake.

Shuleni nilikofundisha niliwakunjisha watoto ngumi. Nilitia mkono ndani ya soksi zao, nikazigeuza, nikawafukuza wenye soksi mpya warudi nazo zimefuliwa. Walimu wenzangu waliniuliza nimejifunza wapi mambo hayo. Nilisema jeshini, nikimaanisha mafunzo yangu ya kujenga taifa, na wao wakaamini.

Nilikwenda Malolo wakati vijiji vilishahamishwa na kuhamishwa tena, nami nina watoto wawili. Nilipanda basi la Iringa, nikashuka njiani, nikatembea kipande kilichobaki. Nilikuwa na jozi mbili za soksi kwenye mkoba, pamba nene, nilizozichagua mwenyewe na kuzifua mara tatu. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kwenye matuta ya vitunguu, makatambuga miguuni. Alikuwa amestaafu, amepungua, masikio yamekuwa makubwa. Nikamwambia shikamoo Dresa. Macho yakaenda chini.

"Marahaba," akasema. "Hivi viatu vinakubana kushoto."

Kilikuwa kweli kinanibana. Mkewe alinikaribisha uji na maneno mengi, kisha akatuacha. Nikampa soksi. Alizitia mkono moja baada ya nyingine, amefumba macho, na mimi nikakaa pale mwalimu mzima nikisubiri majibu kama niko darasa la kwanza. Tatu alizilaza pajani. Ya nne aliipapasa mara mbili, akanirudishia.

"Hii mshono umekaa vibaya. Rudisha ulikoitoa."

Nilicheka, na kicheko kikaniharibikia katikati, nikajikuta nalia. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba barua yake ilikuwa ya uongo. Nilimwambia hakunilazimisha, nilivaa mwenyewe, na kwamba niliulizwa nikasema ndiyo, na kwamba neno hilo limenikaa mguuni miaka yote hii kama lile fundo la uzi wa gunia. Nilimwambia alipaswa kuniacha nibaki nje na kosa langu. Nilimwambia pia anisamehe. Yalitoka yakiwa yamechanganyika hivyo, lawama na kuomba.

Alinisikiliza huku akitoa udongo kwenye kitunguu. Nilidhani ataniambia pole, au ataniambia yamepita. Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na daftari. Jalada lilikuwa limekwisha, limeshonwa upya kwa uzi wa kufungia vidonda. Alifungua kurasa polepole, miguu ya Kilosa ikapita mmoja mmoja, ya waliokufa na waliohama, mpaka akafika kwangu. Ule wayo mpana. Kidole cha pili kirefu. Chini ya maneno niliyoyajua palikuwa na mstari mwingine, mwandiko uleule, ambao sikuwahi kuuona.

*Mbio za Mikumi. Kijivu, pamba, zimegeuzwa. Amechagua mwenyewe.*

"Ile barua ilikuwa ya ofisi," akasema. "Ofisi zinahama. Hili ndilo nililoandika siku yenyewe, nilipofika nyumbani."

Nilimwomba anipe ukurasa ule. Nilimwomba kweli, kwa mikono miwili. Alikataa. Alisema daftari halichanwi, na kama kila mtu angechukua mguu wake yeye angebaki na jalada. Nikamwambia basi nifanye nini. Alitafuta kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande cha penseli kifupi kuliko kidole, akakilamba ncha na kunipa.

"Siku ile uliulizwa ukajibu," akasema. "Leo nakuuliza mimi. Uliyechagua ni nani?"

Nilivua viatu kwanza, sijui kwa nini, nikakaa peku kwenye udongo wa vitunguu vyake. Kisha nikaliweka daftari gotini, na chini ya mstari ule nikaandika jina langu lote na kutia sahihi.